Sauti Kugeuzwa Hesabu

Mtu aliyeko Unguja akimpigia simu nduguye aliyeko Maskati, akamwuliza hali yake na ya wanawe, sauti yake yenyewe haivuki bahari. Ivukayo ni hesabu. Kila sekunde anayonena, chombo kilichofichwa ndani ya simu huipima sauti hiyo mara 8,000 kwa uchache, na kila kipimo hukiandika kwa tarakimu mbili tu, moja na sufuri. Mfululizo wa tarakimu hizo ndio unaosafiri, na ukiisha kufika, chombo cha pili huusoma na kuunda kwao sauti mpya, iliyo karibu mno na ile ya asili, hata dada akamtambua kaka yake kabla hajajitaja jina. Kazi hizi mbili, ya kuigeuza sauti kuwa hesabu na ya kuigeuza hesabu kuwa sauti, hutendeka leo katika kila simu ya mkononi, na kazi ya namna ya ile ya kwanza, ya kugeuza umeme kuwa hesabu, hutendeka pia katika kila kipimajoto cha tarakimu na katika mashine za kupimia mapigo ya moyo hospitalini, na aghalabu wanaovitumia vyombo hivyo hawana habari nazo.

Yafaa kwanza tukijue kinachogeuzwa. Sauti ni mtetemo wa hewa; maikrofoni huupokea mtetemo huo na kuufanya umeme unaopanda na kushuka kwa kadiri hewa inavyosukumwa na kuvutwa, bila ya kuruka wala kukatika. Ishara ya namna hii mafundi huiita ishara ya analogi, na sifa yake kubwa ni kwamba haina mapengo: baina ya volti moja na volti mbili mna viwango visivyo na idadi, na umeme huo, katika kupanda kwake, huvipitia vyote. Ishara ya dijiti ni kinyume cha hayo. Hiyo hukubali viwango vilivyohesabiwa na kuorodheshwa tangu awali, na kitu kilichoangukia baina ya viwango viwili hakina nafasi humo, sharti kisogezwe kwenye kilicho karibu. Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, kuna faida gani kukiacha kitu kisicho na mapengo na kukishika chenye mapengo. Jibu si lile wanalolipenda wauzaji wa vyombo, kwamba dijiti ni safi na analogi ni chafu. Dijiti nayo hupoteza. Ila hupoteza mara moja tu, mlangoni, kwa kiasi alichokichagua fundi mwenyewe, na baada ya hapo haina haja ya kupoteza tena. Analogi huingia ikiwa kamili, kisha ikapungua njia nzima.

Walioteswa na upungufu huo wa njiani kuliko watu wote ni mafundi wa simu wa mwanzo wa karne ya 20. Sauti ikipita katika waya mrefu hufifia, na waya wenyewe huitia mchakacho. Basi ikawa lazima kila baada ya masafa fulani pawekwe kikuzaji cha kuitia nguvu upya. Lakini kikuzaji hakijui kutenga baina ya maneno ya mtu na mchakacho wa waya. Hukuza vyote viwili, na cha pili hukuza maneno pamoja na mchakacho wa waya wa kwanza na wa waya wa pili na wa kikuzaji kilichotangulia, na cha tatu vivyo hivyo, hata simu ya mbali ikawa ni watu wawili kupigiana kelele juu ya kelele.

Aliyeiona njia ya kuepukana na balaa hii ni mhandisi Mwingereza, Alec Reeves, aliyekuwa akifanya kazi Paris katika maabara ya kampuni ya ITT, na hataza yake aliiandikisha Ufaransa mwaka 1938. Shauri lake lilikuwa hili: ikiwa kinachopelekwa ni mapigo ya umeme yenye maana mbili tu, lipo au halipo, basi kituo cha njiani hakina haja ya kukikuza kilichopokewa, chapaswa kuuliza swali moja, je, hapa pana pigo au hapana, kisha kilitupe pigo lililochakaa na kutoa jipya lililo zima. Mchakacho usipokuwa mkubwa kiasi cha kuligeuza jibu, hukomea hapo hapo kituoni. Na hata vituo viwe mia, kinachofika mwisho ni kile kile kilichotoka mwanzo. Shauri hili ni jepesi kulieleza, nami naliona kuwa ni miongoni mwa mashauri makubwa ya karne ile, lakini Reeves alilipata kabla ya wakati wake. Mtambo wake ulitaka valvu nyingi mno, nazo valvu za siku hizo zilikuwa vyupa vya kioo vyenye kula umeme kwa wingi na kuungua upesi, na hapakuwa na kampuni iliyokuwa tayari kubeba gharama kama hiyo kwa ajili ya maongezi ya raia. Hataza ikabaki karatasi.

Vilipozuka Vita Vikuu vya Pili, gharama ikawa si hoja tena. Mwaka 1943 maabara ya Bell ya Marekani iliwajengea wakuu wa majeshi mtambo ulioitwa SIGSALY, wa kuzungumza kwa siri baina ya Washington na London. Kituo kimoja peke yake kilikuwa na uzito wa takriban tani 50, na mtambo wa London ulifichwa chini ya ardhi katika duka kubwa la Selfridges. Sauti iligawanywa katika sehemu zake, kila sehemu ikapimwa nguvu mara 50 kwa sekunde, na kila kipimo kikawekwa katika mojawapo ya madaraja sita. Kisha tarakimu hizo zikachanganywa na tarakimu za ovyo zilizorekodiwa katika santuri, ambazo nakala moja ilikuwa upande huu na nakala ya pili upande ule, zikichezwa kwa wakati mmoja na kuharibiwa zikiisha kutumika. Adui aliyetega sikio angalisikia mvumo tu. Madaraja sita ni machache sana, na sauti itokayo humo haina utamu, walakini waliokuwa wakiongea walitaka maneno na siri, na vyote viwili walivipata.

Hapa pana jambo ambalo akili huanza kwa kulikataa. Tukiipima sauti mara 8,000 kwa sekunde tumeacha mapengo 8,000, na yaliyopita ndani ya mapengo hayo hatukuyapima, je, hayakupotea? Karibu kila mtu anayeelezwa habari hii kwa mara ya kwanza hudhani kuwa hasara ya dijiti imo humo. Haimo. Harry Nyquist, mzaliwa wa Sweden aliyehamia Marekani, aliweka msingi wa kanuni inayolithibitisha hilo mwaka 1928 alipokuwa akichunguza habari za telegrafu. Vladimir Kotelnikov akaitolea uthibitisho huko Urusi mwaka 1933. Na Claude Shannon, Mmarekani, akaieneza kwa waraka wake wa mwaka 1949. Kanuni yasema kwamba ikiwa ndani ya sauti hamna mtetemo wenye kasi ya kupita mpaka fulani, basi vipimo vilivyochukuliwa kwa kasi inayozidi mara mbili ya mpaka huo vyatosha kuirudisha sauti yote. Si takriban yake, bali yote, pamoja na yaliyopita katikati ya vipimo. Sababu ni kwamba ishara iliyowekewa mpaka wa kasi haina uhuru wa kugeuka ghafla itakavyo. Katika njia zote ziwezazo kuchorwa kupitia vipimo hivyo, ni moja tu isiyovunja mpaka, na hiyo ndiyo ile ile iliyopimwa.

Nguvu yote ya kanuni hii imo katika lile neno "ikiwa". Mtetemo uliovuka mpaka ukiponyoka ukaingia, haupotei kwa adabu, bali hujigeuza ukawa mwingine. Tuseme twapima mara 8,000, na kwa hiyo mpaka ni mitetemo 4,000: filimbi ya mitetemo 5,000 kwa sekunde itatoa vipimo vinavyoweza kuwa sawasawa na vya filimbi ya mitetemo 3,000, na hapana hisabati duniani iwezayo kuzitenga baada ya hapo. Waliotazama sinema za zamani wameliona jambo hili kwa macho yao, kwani kamera huchukua picha 24 kila sekunde, na gurudumu la gari la farasi likizunguka upesi kupita kiasi huonekana limesimama, au linarudi nyuma ilhali gari linakwenda mbele. Ndiyo sababu kabla ya mlango wa kupimia huwekwa kichujio cha kuzuia kila mtetemo uliozidi. Katika simu ya kawaida kichujio hicho hukata kwenye mitetemo kama 3,400, mpaka uliorithiwa kutoka kwa simu za analogi zilizotangulia, na kinywa cha binadamu kina zaidi ya hayo: sauti za s na f zina sehemu kubwa ya nguvu zake juu ya mpaka huo, na ni humo zinamotofautiana. Mtu akitajiwa kwa simu jina la Saida akaandika Faida, asilaumu masikio yake. Kilichowatofautisha Saida na Faida kilizuiwa mlangoni, tena kwa makusudi, na watu walioona kwamba kwa bei ile ya waya yatosha maneno kueleweka.

Hasara ya pili, na hii ndiyo ya dijiti hasa, ni ile ya kusogeza. Simu huandika kila kipimo kwa tarakimu nane za moja na sufuri, ambazo mafundi huziita biti, na biti nane zina mipangilio 256, si zaidi. Basi kila kipimo husogezwa kwenye daraja lililo karibu nacho miongoni mwa madaraja 256, na makosa ya kusogeza huku, madogo lakini yasiyokoma, husikika kama mvumo hafifu nyuma ya sauti. Kila biti moja inapoongezwa madaraja huwa maradufu na mvumo hupungua kwa desibeli 6 hivi. Sahani za muziki ziitwazo CD, zilizotolewa na Sony na Philips mwaka 1982, zina biti 16, yaani madaraja 65,536, na mvumo wake sikio la kawaida halina njia ya kuukamata.

Simu yenye madaraja 256 ingalikuwa na taabu kubwa kwa mtu mpole wa maneno, maana mnong'ono hauyafikii madaraja ya juu, hubaki chini na kujipatia machache tu. Mafundi waliliepuka hilo kwa kutoyapanga madaraja kwa usawa: karibu na kimya yamebanana, na kadiri sauti inavyokua yanaachana, hata mnong'ono ukapata madaraja mengi membamba na ukelele ukapata machache mapana. Hapakuwa na dhuluma hapo, kwa kuwa sikio lenyewe halitambui kosa dogo ndani ya kelele kubwa. Wamarekani na Wajapani walijiwekea jedwali lao la kupanga madaraja hayo, na Ulaya pamoja na sehemu kubwa ya dunia, nasi wa Afrika Mashariki tumo, tukashika jedwali jingine. Kwa hiyo simu ya namna hii ikitoka Nairobi kwenda Chicago hufasiriwa njiani daraja kwa daraja.

Sasa tuje kwenye kupima kwenyewe. Chipu haina macho ya kusoma volti, ina uwezo mmoja tu wa kulinganisha vitu viwili na kusema kipi kimezidi, na uwezo huo sonara pia anao pindi asimamapo mbele ya mizani yake. Kwanza umeme hunaswa katika kapasita ndogo na kushikiliwa usibadilike, kama dhahabu iliyokwisha kuwekwa katika sahani ya kwanza. Kisha huletwa mawe ya mizani, yaani viwango vya umeme vinavyojulikana, kila kimoja nusu ya kilichotangulia: 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2 na 1. Chukulia kwamba uzito usiojulikana ni 173. Jiwe la 128 linawekwa, dhahabu imezidi, jiwe libaki. La 64 likiongezwa jumla ni 192, imepita, jiwe litolewe. La 32 lafanya 160, libaki. La 16 lafanya 176, litolewe. La 8 lafanya 168, libaki. La 4 lafanya 172, libaki. La 2 lafanya 174, litolewe. La 1 lafanya 173, libaki. Andika moja kwa kila jiwe lililobaki na sufuri kwa kila lililotolewa, upate 10101101, na hiyo ndiyo 173 kwa lugha ya chipu. Mapimo manane yametosha kuchagua daraja moja kati ya 256, na kwa madaraja 65,536 yangelitosha mapimo 16. Bernard Gordon, mhandisi wa Marekani, mwaka 1954 aliuza mtambo wa valvu uliofanya kazi hii mara 50,000 kwa sekunde kwa biti 11. Uzito wake ulikaribia kilo 70. Chipu ifanyayo kazi hiyo leo mtu huweza kuipeperusha kwa pumzi.

Njia nyingine zipo. Penye haraka kubwa, kama katika rada, hutumika njia ya kulinganisha na madaraja yote kwa mpigo mmoja, nayo yataka vilinganishi 255 kwa biti nane tu. Katika vyombo vya sauti imeenea njia iliyopewa sura yake na Hiroshi Inose na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1962, ya kupima kwa biti moja iliyo hafifu kabisa, lakini kwa haraka ya ajabu, kisha kuukusanya ukweli kutoka katika wingi wa vipimo.

Ninayoipenda zaidi ni ya polepole, iliyomo katika multimita nyingi za mafundi wetu wa umeme. Humo kapasita hujazwa na umeme usiojulikana kwa muda maalumu, kisha humwagwa kwa umeme unaojulikana huku saa ikihesabu, na hesabu ya saa ndiyo jibu. Uzuri wake umo katika kuuchagua ule muda wa kujaza. Umeme wa majumbani kwetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, na mvumo wake hupenya kila mahali, hata katika nyaya za kupimia. Lakini muda wa kujaza ukiwa milisekunde 20 kamili, ambao ni mzunguko mmoja, mvumo huo hupanda na kushuka kwa kiasi kile kile na kujifuta wenyewe. Marekani umeme wao huzunguka mara 60. Mtengenezaji atakaye kuuza chombo kimoja pande zote mbili huweka muda wa sehemu moja ya kumi ya sekunde, maana humo mna mizunguko mitano kamili ya huku na sita kamili ya kule, na mivumo yote miwili hujifuta bila ya chombo kuambiwa kiko nchi gani.

Safari ya kurudi, kutoka hesabu hadi sauti, ni nyepesi zaidi. Kila biti hufungua au kufunga swichi katika safu ya rezista zilizopangwa hata biti ya kwanza ikatoa umeme mara mbili ya biti ya pili, na ya pili mara mbili ya ya tatu, na jumla yake ndiyo volti iliyoandikwa. Kitokacho hapo huwa na umbo la ngazi, na picha hiyo ya ngazi imechapwa katika vitabu vingi hata watu wakaamini kwamba muziki wa dijiti hufika sikioni ukiwa na pembepembe. Haufiki hivyo. Baada ya ngazi huwekwa kichujio cha pili, nacho, kwa kuizuia mitetemo iliyo juu ya mpaka, huziondoa pembe zote na kuiacha ile njia moja aliyoieleza Shannon. Sahani ya CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, namba ambayo huonekana kuwa ya kubahatisha. Asili yake ni kwamba wakati huo chombo kilichoweza kuhifadhi hesabu nyingi kiasi hicho kilikuwa kanda ya video, ambayo kila mstari wa picha uliwekwa vipimo vitatu: mistari 245 mara 60 kwa mtindo wa Marekani, au mistari 294 mara 50 kwa mtindo wa Ulaya, na zote mbili, ukizidisha kwa tatu, zatoa 44,100.

Shauri la Reeves lilingoja hadi transista ilipopatikana, na mwaka 1962 kampuni ya Bell ikafungua huko Chicago njia ya kwanza ya biashara iliyopitisha maongezi 24 ya dijiti katika jozi mbili za waya. Reeves mwenyewe, baada ya vita, aliongoza uchunguzi katika maabara ya Harlow, Uingereza, ambako mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham waliandika kwamba mapigo hayo yaweza kupelekwa kwa mwanga ndani ya uzi wa kioo. Kao alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2009, na ni mwaka huo huo nyuzi za namna hiyo zilipoifikia pwani yetu, SEACOM ikishuka Mombasa na Dar es Salaam, na TEAMS ikiiunganisha Mombasa na Fujairah.

Kwa watu wengi wa kwetu, hata hivyo, dijiti ilibisha hodi kwa sura ya king'amuzi. Mataifa yalikubaliana Geneva mwaka 2006 kwamba matangazo ya televisheni ya analogi yakome ifikapo tarehe 17 Juni 2015. Tanzania ikatangulia kwa kuizima mitambo ya Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikafuata mwanzoni mwa 2015. King'amuzi ni kigeuzi tu: hupokea hesabu, na kwa mwenye televisheni ya zamani huzigeuza ziwe ile ishara ya analogi ambayo kioo chake kinaielewa. Picha ikawa haina chenga, na hapo ndipo watazamaji walipoonja upande wa pili wa swali lile la Reeves la lipo au halipo. Analogi, mvua ikinyesha au antena ikilegea, ilimwonya mtu kwa chenga, kidogo leo na zaidi kesho, na mpira ukaendelea kutazamwa katikati ya ukungu. Dijiti hubaki nzuri, nzuri vile vile, mpaka majibu yasiyo sahihi yazidi kiasi, na mara picha ikakatikakatika vipandevipande na kuganda, pengine mkwaju wa penalti ukiwa hewani. Mafundi wa antena nao ikawabidi waache desturi yao, ya mmoja kuwa juu ya paa akiizungusha na mwingine kuwa sebuleni akimwambia picha imekaaje, kwa kuwa picha haisemi tena kitu mpaka ipotee. Sasa aliyeko juu huizungusha kidogo akangoja, na aliyeko chini humsomea asilimia ya ubora wa mawimbi iliyoandikwa na king'amuzi chenyewe.